Perege Aliyeletwa na Mtani

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Masanja kule Dakawa, na mimi nilishindwa kufanya kazi yangu. Yeye alikuwa Msukuma, mimi ni Mluguru, na mtani akifa lazima watani wake wacheze: mmoja avae koti la marehemu, akae kwenye kiti chake, agombeze waombolezaji kwa sauti yake, mpaka watu wacheke katikati ya kilio. Waluguru tuliofika tulikuwa wachache, na wanaume walishatangulia makaburini kuchimba. Wanawake wakanisukuma mgongoni. "Haya Mluguru, mtu wako huyo, muumbue!" Mmoja akanivika kofia ya marehemu, pama lile jeusi, likaniangukia mpaka kwenye nyusi. Nikasimama. Nilikuwa na hadithi moja tu juu yake, hadithi ya samaki, na kila nilipoianza kichwani sikuona mahali pa mtu kuchekea. Nikalivua pama, nikaliweka juu ya kiti, nikaenda kuungana na waliokuwa wakiosha masufuria. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, na bado mbele za watu ulimi wangu unaganda. Kwenye daftari siko hivyo. Kwa hiyo nililoshindwa kulisema Dakawa nitaliandika hapa lote, hata yale yanayoniaibisha.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa kwa Mjomba Salehe, Mji Mpya, Morogoro. Mjomba alikuwa fundi vioo. Alikata vioo vya madirisha na makabati, na vipande vilivyobaki aliviunganisha kwa silikoni akatengeneza matangi ya samaki. Mengi alitengenezea watu, moja akajitengenezea mwenyewe, refu kama jeneza la mtoto (ndivyo nilivyoandika siku ya kwanza nilipoliona, nikakata, nikaliandika tena). Lilikaa sebuleni juu ya stendi ya chuma, kati ya friji na kochi lenye vitambaa vya kufuma. Sebule ile ilikuwa na giza hata mchana kwa sababu ya ukuta wa jirani, kwa hiyo taa ya tangi ndiyo iliyokuwa mwanga wetu. Nilifanyia hesabu pale. Nilikula pale, ugali na mlenda na dagaa, sahani mapajani, na Mama Idi, mke wa mjomba, alikuwa akisema kula dagaa mbele ya samaki ni utovu wa adabu. Mjomba anamjibu, "Hawajuani hao. Hawa wa mjini, hao wa ziwani."

Kumchagua samaki wa kukaa na mwenzake ndiko alikonifundisha mjomba kabla hajaugua, na alinifundisha taratibu, kwa sauti ile ya kuvutavuta ya watu wa Matombo. Watu wakija kununua kwa yule kijana aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo karibu na soko, alisema, wanaangalia rangi. "Wanachukua huyu mwekundu, huyu wa njano, huyu mwenye mkia kama kanga. Wakifika nyumbani wanafungisha ndoa zisizowezekana. Wewe usianze na rangi, Tatu. Anza na mdomo." Samaki, alisema, hana chuki na hana upendo. Chochote kinachoingia mdomoni mwake ni chakula, na asiyeingia leo ataingia mwenye mdomo akikua. Baada ya mdomo, angalia anakaa wapi. Yuko wa juu, yuko wa katikati, yuko wa chini. Ukiwajaza wote ghorofa moja watapigana hata kama ni wapole. Halafu uliza kama anapenda wenziwe. Wapo wanaotaka kuwa sita au zaidi, ukimweka mmoja peke yake anajibanza pembeni, hali, anakonda mpaka anakufa. Hapo aliniangalia kidogo, nikainama. Mwisho, maji. Wale wa dhahabu wanataka baridi na wanachafua sana, hawa wengine wanataka joto. Juni na Julai, upepo wa Uluguru ukishuka, tulilivisha tangi blanketi jioni kama mgonjwa wa malaria.

Kwa hiyo tangi letu halikuwa na mbwembwe. Gapi kumi na wawili, wadogo, wenye mikia ya rangi, wakicheza juu. Moli wanne weusi katikati, na mmoja wao, jike nene, mjomba alimwita Mama Mkwe kwa sababu alipita kila kona akikagua. Chini kulikuwa na wafagiaji watatu, vikambale vidogo vyenye sharubu vilivyokula makombo. Samaki kumi na tisa. Niliwajua mmoja mmoja. Shuleni kulikuwa na wasichana niliosoma nao dawati moja miaka mitatu ambao sikuwahi kuwajua hivyo.

Mzee Masanja alikuwa akija karibu kila siku. Aliuza mchele wa Dakawa pale sokoni, mtu mrefu, mnene, mwenye kicheko kilichofika kabla ya hodi. Hakugonga. Alisimama mlangoni akapaza sauti, "Watumwa wangu wapo?" Na mjomba kutoka ndani, "Wapo, ila ng'ombe zako zimepita hapa zinakutafuta!" Wakakaa mbele ya tangi wakatukanana kwa raha kama wanaimba. "Nyinyi Waluguru mna akili gani? Mnafuga kitoweo kwenye kioo, mnakipa chakula, halafu mnashinda njaa mnakiangalia." "Na wewe Msukuma funga mdomo, mate yanadondoka kwenye zulia la watu." Mimi nilimwamkia, "Shikamoo mzee," nikapitia ukutani kwenda jikoni. Akanipigia kelele, "Wewe, mtani mdogo! Mtani hasalimii hivyo! Nitukane!" Sikuweza. Alikuwa na mvi. Nilicheka kwa pua nikajificha nyuma ya friji, na huko niliandika alichosema, neno kwa neno, kwa sababu kilinifurahisha.

Mwezi wa saba figo za mjomba zilichoka. Alivimba miguu, akavimba uso, akapelekwa Dar es Salaam, ambako mwanawe Idi alikuwa akifanya kazi, akawa anamuuguza huko. Mama Idi alibaki kulinda karakana na kazi za wateja zilizokwisha kuanzwa, na mimi nilibaki na tangi. Nakumbuka asubuhi ya kuondoka. Mjomba alikuwa ameshavalishwa koti, gari linasubiri, na yeye amepiga magoti mbele ya kioo, akinielekeza kubadili maji: ndoo mbili kila Ijumaa, zikae siku mbili kwanza dawa ya bomba itoke. "Nikirudi nataka niwakute kumi na tisa," alisema. Halafu akacheka. "Au ishirini, wakizaa." Nilisema, "Ndiyo, mjomba." Ndiyo yangu ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini ndani yangu ilikuwa kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniachia kitu.

Nyumba ikawa kimya. Mama Idi aliacha kupika wali, alisema wali wa watu wawili haunogi. Tulikula viazi na chai. Nilimsikia akizungumza na simu uani, "Hapana, sijalia, mafua tu." Na ndipo Mzee Masanja, wiki ya tatu, akaja na ndoo yenye mfuniko, akaingia bila kusema habari za watumwa, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. "Mama Idi! Njoo umpokee mgeni. Nimeona ukoo huu wa Kiluguru umepooza kwa kukosa mwanaume. Nimewaletea Msukuma awatawale." Akafunua ndoo. Alikuwa perege, wa kuvuliwa bwawa la Mindu asubuhi ile, wa kijivu, urefu wa kidole changu cha kati, mwenye mistari hafifu ubavuni. Mama Idi alikuja akijifuta mikono. Alimwangalia yule perege, akamwangalia Mzee Masanja, na akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Eti Msukuma! Na sura anayo, jamani, hebu ona mdomo!"

Nami niliuona mdomo. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane, kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni na sufuria mkononi, na nilifanya kila alichonifundisha mjomba: nikaanza na mdomo, nikaona ni mpana, nikajua perege anakua upesi, nikajua anapenda kujitengea eneo na kufukuza wenziwe, nikaviona vile vigapi juu, vidogo kama ukucha. Neno lilikuwa hapa kooni. Lakini Mzee Masanja alikuwa mtu mzima kuliko mjomba, zawadi ya mtani hairudishwi, na Mama Idi alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu gari lile liondoke. Mzee Masanja akainamisha ndoo. Perege akashuka, akatulia katikati ya tangi, akawa kama anasoma ramani.

Daftari langu la mwaka ule lina kurasa ambazo sipendi kuzifungua. *Jumanne: gapi kumi na moja. Ijumaa: gapi tisa, mmoja hana mkia. Jumapili: nimemtoa perege kwa chujio la chai, nikamweka kwenye ndoo. Mama Idi kasema nimrudishe, mzee akija akimkuta kwenye ndoo atadhani tunataka kumkaanga.* Ni kweli alikuja. Alikuja kila alasiri kumjulia hali. "Mwanangu anakula? Enhe, anashiba, ona kifua!" Hakujua kuhesabu samaki wa rangi, kwake walikuwa mapambo tu, kama maua ya plastiki. Mama Idi naye hakuwa na macho ya tangi siku zile. Aliyekuwa akihesabu alikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa sisemi.

Na kila jioni saa kumi na mbili simu ililia. Idi alimpa mjomba simu, na mjomba, akishamaliza na mkewe, aliomba azungumze na mimi. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini maswali yalikuwa yaleyale. "Gapi wako wangapi?" Siku ya kwanza walipopungua nikasema, "Kumi na wawili, mjomba." Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kwenye simu hakuna mtu anayekuona shingo ikipata jasho. "Mama Mkwe je?" "Anakagua." "Wafagiaji?" "Wote watatu. Wamesafisha vizuri." Mama Mkwe alikuwa amekufa Jumatano ile, amechanwa mapezi, nikamzika kwenye kopo la mnanaa uani. Nilijiambia mgonjwa hapewi habari mbaya. Watu wazima wote walikuwa wakifanya hivyo: Mama Idi alimwambia karakana ina kazi nyingi, Idi alituambia uvimbe unapungua. Mimi nikaongeza uongo wangu. Hata nikawa hodari. Siku moja nilimwambia moli mmoja amezaa, na nikamsikia akimwambia nesi, "Tumepata wajukuu nyumbani."

Katikati ya mwezi wa tisa mjomba alirudishwa. Hakuna aliyesema kwa nini, na kwa kuwa hakuna aliyesema, tulijua. Aliletwa mchana, ameshikwa huku na huku na Idi na Mzee Masanja, mwepesi, nguo zikimcheza. Mama Idi alikuwa ametandika chumbani. Mjomba akatikisa kichwa. "Sebuleni," alisema. Wakamkalisha kwenye kochi, wakamwekea mito, na Mzee Masanja, ambaye hakuweza kuvumilia ukimya hata wa dakika moja, akasema, "Haya, mtumwa wangu, mtazame mwanangu! Amekuwa dume!"

Tangini mlikuwa na samaki mmoja. Alikuwa amefikia urefu wa kiganja changu chote. Alisimama katikati ya mwanga, mapezi yakipepea polepole, nyuma yake maji matupu na yale mawe niliyoyasugua asubuhi ile ili angalau pawe safi. Mjomba alitazama. Alitazama juu, wanapokaa gapi. Akatazama katikati. Akainama kidogo, kwa taabu, akatazama chini nyuma ya jiwe la wafagiaji, akalisubiri jiwe lile muda mrefu. Kisha akanigeukia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kule hospitali nilikuwa nawahesabu," alisema. "Maumivu yakizidi nafumba macho, naanza na gapi, nafika kwa wafagiaji. Nikimaliza wote yanakuwa yamepungua kidogo." Akarudisha macho kwenye tangi. "Na wale watoto nilikuwa nawahesabu pia."

Nililia, lakini kulia hakukuwa jibu, na nilijua hivyo. Mjomba alingoja. Halafu akauliza kama bado naandika. Nikaitikia kwa kichwa. "Lete, unisomee. Tangu nilipoondoka." Mama Idi akasema, "Baba Idi, mtoto amechoka," na mjomba akasema, "Mimi ndiye niliyechoka. Asome." Basi nilisoma. Mimi ambaye darasani nilisimamishwa kusoma aya moja nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nilisoma kurasa ishirini mbele ya watu wanne. Nilisoma Jumanne na Ijumaa. Nilisoma *Mama Idi kacheka ndiyo maana nimenyamaza*. Nilisoma *namwogopa Mzee Masanja kwa sababu ni mkubwa, nampenda pia, sijui nimwambieje*. Nilisoma kopo la mnanaa. Nilisoma kila simu, nilichosema na kilichokuwa kweli, maana nilikuwa nimeviandika vyote viwili, kimoja chini ya kingine. Sikuinua macho. Mzee Masanja alikuwa kwenye kiti cha plastiki mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusikia hata pumzi yake.

Nilipofika mwisho mjomba alisema, "Nimesikia." Basi. Idi, aliyekuwa amekunja ngumi, akasema huyo perege akaangwe leo leo. Mjomba akakataa. "Kosa lake nini? Aliwekwa. Mrudisheni Mindu."

Tulimpeleka mimi na Mzee Masanja alasiri ileile, kwa bajaji, ndoo miguuni mwetu, maji yakimwagika kila tulipopita kwenye tuta. Tukashuka bwawani. Milima ilikuwa na ukungu kichwani, na upande wa pili watu walikuwa wakifua. Akaitua ndoo kwenye matope, akachuchumaa, mtu mzito vile, akaniuliza bila kunitazama, "Tatu, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa, mzee. Wewe ni mtu mzima."

"Mimi si mtu mzima kwako!" Sauti ilimpasuka. "Kwa mtoto wa Kisukuma ni mtu mzima. Kwako mimi ni mtani. Ungesema, we mzee wa ng'ombe, toa mdudu wako hapa kabla sijakumwagia maji ya ukoko. Ningecheka, ningemtoa. Hiyo ndiyo kazi ya utani, mwanangu. Ni ili mdogo aweze kumwambia mkubwa." Akapangusa uso kwa mkono uliolowa. "Wewe ukanipa shikamoo. Kila siku shikamoo. Mimi nitajuaje?"

Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Nilidhani utani ni kelele za watu wenye midomo, na kwamba mimi sikuumbiwa. Nilikuwa nimepewa ruhusa tangu kuzaliwa, ruhusa ambayo hata Mama Idi, mtu wa Kilosa asiye Mluguru, hakuwa nayo sawasawa, nikaiweka chini na kuchukua adabu. Samaki kumi na tisa, na hesabu za mgonjwa, zilikwenda na adabu yangu. Nilitaka kumwambia Mzee Masanja kwamba si kosa lake. Nilichosema ni, "Tumwage, mzee, maji yanapata joto."

Mjomba alifariki Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla ya adhuhuri, sebuleni palepale. Msibani Mzee Masanja alivaa ovaroli la mjomba la karakana, akakata kioo cha hewani, akawauliza wafiwa vipimo vya madirisha yao, na watu walicheka wakalia. Mimi nilikuwa jikoni. Lakini siku ile ya Mindu, tuliporudi, mjomba alikuwa bado hajalala. Tangi lilikuwa limezimwa taa. Mama Idi alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akanipisha kwenye mkeka kando ya kochi.

"Amekwenda?" mjomba aliuliza.

"Amekwenda."

"Aliogelea?"

Nilijua jibu analolipenda. Lilikuwa tayari mdomoni, laini, kama yale ya kwenye simu. Nikalimeza.

"Hakuogelea vizuri, mjomba. Alielea ubavu kwanza, muda kama wa kuhesabu ishirini. Mzee Masanja akamsukuma kwa kidole. Halafu akazama kwenye majani. Hatukumwona tena. Sijui kama yuko hai."

Mjomba alifumba macho. Nilidhani nimemuumiza. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukautafuta wangu kwenye mkeka, ukaushika, nami nikakaa hivyo mpaka uji ukapoa.